Simba Atakula: Jinsi Mashine Inavyofundishwa Kukata Maneno

Sikilizeni, wanangu wa Katoto, hapa Kamina. Leo sisimulii habari ya sungura wala fisi. Nasimulia habari ya mashine isiyojua lolote, na ya watu walioifundisha kukata maneno vipande vipande mpaka ikajua nani kampenda nani, nani kampiga nani, na nani atamla nani. Hilo la mwisho lina hatari yake. Tutalifikia, na simba yumo.

Tuanze na kitu ambacho mtoto wa Kamina hahitaji kufundishwa. Mji wetu ni mji wa treni. Reli kutoka Lubumbashi ilifika Bukama mwaka 1918, kisha ikaendelezwa kupitia hapa hadi Ilebo, na ilipofika 1928 kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Mwaka 1956 likaungwa tawi la Kabalo. Ndiyo maana kituo cha Kamina kina njia tatu: moja ya Lubumbashi, moja ya Kananga na Ilebo, moja ya Kabalo hadi Kalemie kando ya ziwa. Penye njia tatu pana kazi ambayo kituo kidogo hakina, nayo ni kupanga mabehewa. Treni inafika, inafunguliwa. Behewa hili linakwenda Kananga, lile Kalemie. Linakatwa hapa, linaungwa pale, na treni inayoondoka si ile iliyoingia.

Shikeni picha hiyo, maana nitaitumia mpaka mwisho. Lugha ya kompyuta ninayotaka kuwaeleza imejengwa vivyo hivyo. Inaitwa Lisp.

Lisp ilianzishwa mwaka 1958 na John McCarthy, mwanahisabati wa Marekani aliyekuwa akifundisha katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts. Ni miongoni mwa lugha kongwe za kompyuta ambazo hadi leo bado zina watu wake. Ndani ya Lisp karibu kila kitu ni orodha, na orodha ni treni. Kila behewa lina sehemu mbili: sehemu inayobeba mzigo na ndoano inayoshika behewa linalofuata. Behewa la mwisho ndoano yake haishiki kitu, na hapo Lisp inaandika NIL, yaani hakuna tena. Treni nzima inafungwa ndani ya mabano:

(+ 2 3)

Hii ni treni ya mabehewa matatu. La kwanza ndilo kichwa cha treni, nalo linasema kazi gani ifanywe: jumlisha. Mawili yaliyobaki yamebeba mizigo, mbili na tatu. Mpe Lisp treni hii, atakujibu 5. Na tazameni jambo ambalo reli yetu haiwezi: behewa moja linaweza kubeba treni nyingine nzima.

(+ 2 (* 3 4))

Lisp inaingia kwanza ndani, inazidisha tatu kwa nne, inapata 12, ndipo inajumlisha na 2. Jibu ni 14. Mtu akiona mabano mengi huogopa. Ninyi msiogope. Kila bano linalofunguka ni mwanzo wa treni, kila linalofungwa ni mwisho wake.

McCarthy mwenyewe hakukusudia watu waandike programu zao kwa mabano. Alikuwa amepanga namna nyingine ya kuandika, inayofanana zaidi na hisabati ya kwenye vitabu. Lakini katika makala aliyoitoa mwaka 1960 alionyesha, kwa karatasi tu, kwamba kanuni ya kutekeleza programu yoyote ya Lisp inaweza kuandikwa kwa Lisp yenyewe. Kijana mmoja katika kundi lake, Steve Russell, akasema hiyo kanuni ataiandika iingie kwenye mashine. McCarthy akamwambia anachanganya nadharia na vitendo. Russell hakubishana. Aliketi, akaiandika kwa lugha ya mashine ya IBM 704, na ikafanya kazi. Tangu siku hizo watu wakazoea mabano, na ile namna nyingine ikasahaulika.

Sasa, kwa nini nawaambia haya yote kuhusu mabano? Kwa sababu yana faida moja kubwa. Programu ya Lisp ni orodha, na Lisp inajua kupanga orodha. Kwa hiyo programu inaweza kuchukua programu nyingine, ikaifungua, ikaipanga upya, ikaitoa ikiwa treni tofauti. Hapo ndipo makro inapozaliwa.

Mtaniuliza: makro ni nini, na inatofautianaje na fanksheni? Tuone kwa macho. Tuseme nimechoka kuandika neno la Kiingereza "if" kila ninapotaka kuuliza sharti. Nataka niandike "kama". Najaribu kwanza kwa fanksheni, yaani kazi unayoipa jina kwa neno defun, kisha ukaiita:

(defun kama (sharti hili lile)
  (if sharti hili lile))

Inaonekana sawa. Kisha naiita:

(kama (> nauli 0) (print "Panda") (print "Shuka"))

Maana yake: ikiwa nauli ni zaidi ya sifuri, andika Panda, la sivyo andika Shuka. Naibonyeza, na kwenye kioo yanatokea yote mawili: Panda, kisha Shuka! Abiria huyu apande au ashuke?

Sababu ni hii. Fanksheni hupokea mizigo ikiwa imeshashushwa. Kabla "kama" haijaanza kazi, Lisp imekwisha kufungua kila behewa na kutekeleza kilichomo. Imepima nauli, imeandika Panda, imeandika Shuka, ndipo ikaikabidhi fanksheni majibu. Fanksheni ikachagua kimoja, lakini maandishi yalikwisha kutoka.

Makro haifanyi hivyo. Makro inapokea mabehewa yakiwa bado yamefungwa. Haifungui mzigo, haiangalii nauli ni ngapi. Kazi yake ni ya wale wanaopanga mabehewa kituoni: kuipanga treni kabla haijaondoka. Ikimaliza, inaikabidhi Lisp treni mpya, na hiyo ndiyo inayosafiri.

(defmacro kama (sharti hili lile)
  `(if ,sharti ,hili ,lile))

Tazameni alama mbili ndogo. Ile ya mwanzo, nukuu iliyolala kinyume, inasema: jenga treni ya umbo hili, usiitekeleze. Mkato ulio mbele ya neno unasema: hapa usiweke neno lenyewe, weka behewa nililopewa. Ukitaka kuiona treni kabla haijatoka, Lisp ina kitu kinachoitwa macroexpand-1. Unampa hivi:

(macroexpand-1 '(kama (> nauli 0) (print "Panda") (print "Shuka")))

Naye anakuonyesha:

(IF (> NAULI 0) (PRINT "Panda") (PRINT "Shuka"))

Sasa ni treni ambayo Lisp ilikuwa ikiijua tangu zamani, na njia moja tu ndiyo itakayofuatwa. Anayejifunza makro na azoee kuitumia macroexpand-1 kila mara. Mtu anayeandika makro bila kutazama inachozaa ni kama ameruhusu treni iondoke usiku bila kuhesabu mabehewa.

Makro ziliingia katika Lisp mwaka 1963, Timothy Hart alipoandika waraka mfupi kuzipendekeza hapo hapo Massachusetts. Tangu hapo zimekuwa fahari ya lugha hii, na pia mtego wa wanafunzi wake. Kijana akizijua, anataka kila kitu kiwe makro. Ngoja nikuonyeshe mtego wenyewe:

(defmacro mara-mbili (x)
  `(+ ,x ,x))

Ukiandika (mara-mbili 5) unapata 10. Vizuri. Lakini ukiandika (mara-mbili (read)), yaani soma namba ambayo mtu ataiandika kisha uizidishe mara mbili, mashine itaomba namba mara mbili! Mtu akiandika 3, kisha 4, jibu ni 7. Makro ililiona behewa moja, ikatengeneza nakala mbili, na kila nakala ikafunguliwa kivyake. Fanksheni ingeomba namba mara moja tu, ikatoa 6. Kwa hiyo kanuni ya wazee wa Lisp ni fupi: panapotosha fanksheni, tumia fanksheni. Makro iiteni pale tu mnapotaka kupanga treni yenyewe.

Na ni wapi hapo? Hapo ndipo tunaporudi kwenye maneno.

Kiswahili chetu ni lugha ya mabehewa. Chukua neno "alinipenda". Mwalimu darasani anakuambia ulichanganue, nawe unaandika: a-li-ni-pend-a. A ni nafsi, yule aliyetenda. Li ni njeo, wakati uliopita. Ni ni mtendwa, yaani mimi. Pend ni mzizi. A ya mwisho ni kiishio. Mabehewa matano yameungana katika neno moja, na kila moja lina nafasi yake. Huwezi kusema "liapendani".

Kazi hiyo ya kuchanganua, kompyuta nayo inaweza kuifanya, mradi imepewa kanuni. Programu inayoifanya tunaiita kichanganuzi. Si lazima uijenge kuanzia sifuri, kwani wapo waliokwisha kutengeneza maktaba za kazi hiyo. Katika Common Lisp, aina ya Lisp iliyowekewa kiwango rasmi mwaka 1994, mojawapo inaitwa Esrap. Aliyeianzisha ni Nikodemus Siivola, na inafuata mbinu ambazo Bryan Ford alizieleza katika makala zake za mwaka 2002 na 2004. Unaipakua mara moja kwa Quicklisp, chombo cha kupakulia maktaba za Lisp, na ikishakaa ndani ya kompyuta yako, mtandao ukikatika wewe unaendelea na kazi.

Esrap inataka uiambie mambo machache. Neno "or" linamaanisha chagua kimojawapo. Neno "and" linamaanisha hivi vifuatane. Alama ya kuuliza inamaanisha kiwepo kisiwepo, yote sawa. Kila kanuni unaianza kwa defrule. Nafsi, kwa mfano, ni hivi:

(defrule nafsi (or "ni" "u" "a" "tu" "m" "wa"))

Hapa sasa makro ina kazi ya halali. Mimi nataka kanuni za Kiswahili ziandikwe kwa Kiswahili, ili hata mwalimu wa sarufi asiyejua kompyuta aweze kuzisoma na kunisahihisha. Natengeneza makro mbili:

(defmacro mojawapo (jina &rest vipande)
  `(defrule ,jina (or ,@vipande)))

(defmacro mfuatano (jina &rest vipande)
  `(defrule ,jina (and ,@vipande)))

Mmeona kitu kipya: mkato wenye @ nyuma yake. Hiki ni cha watu wa Kamina kabisa. Vipande vimekuja vikiwa treni moja. Ningeweka mkato peke yake, treni nzima ingepandishwa juu ya behewa moja, na Esrap asingeielewa. Mkato wenye @ unasema: ikate hiyo treni, kila behewa liungwe peke yake katika mstari. Sasa kanuni zangu zinasomeka hivi:

(mojawapo nafsi "ni" "u" "a" "tu" "m" "wa")
(mojawapo njeo "na" "li" "ta" "me")
(mojawapo mtendwa "ni" "ku" "m" "tu" "wa")
(mojawapo mzizi "pend" "pig" "som" "kunj")
(mfuatano kitenzi nafsi njeo (? mtendwa) mzizi "a")

Someni mstari wa mwisho kwa sauti: kitenzi ni mfuatano wa nafsi, njeo, pengine mtendwa, mzizi, kisha a. Hiyo ni sarufi ya darasani, nayo pia ni programu. Nikiandika (parse 'kitenzi "alinipenda"), jibu ni:

("a" "li" "ni" "pend" "a")

Neno limerudi likiwa treni ya Lisp, tayari kupangwa upya. Nikimpa "wanasoma", anajibu ("wa" "na" NIL "som" "a"), na ile NIL inaniambia kwamba behewa la mtendwa halikuwepo.

Mpaka hapa mambo ni matamu. Sasa mpeni neno "alikunja", kama alikunja nguo. Kichanganuzi kinakataa! Kinalalamika kwamba kimefika mahali na hakikuona kilichotarajia. Kwa nini, wakati mzizi "kunj" umo katika orodha?

Fuateni kidole changu. A, nafsi, sawa. Li, njeo, sawa. Sasa inakuja nafasi ya mtendwa, kiwepo kisiwepo. Mbele yake kuna "kunja", na "kunja" inaanza na "ku". Kichanganuzi kikaona "ku", kikaichukua mara moja kwa furaha. Kimebakiwa na "nja", na hakuna mzizi wa "nj". Kingerudi nyuma, kikaiachia "ku", mambo yangekwisha. Lakini mbinu hii hairudi nyuma kubadilisha ilichokwisha kukipata hapo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Dawa ni kuzitenganisha njia mbili, na kuzipa zamu:

(mfuatano bila-mtendwa nafsi njeo mzizi "a")
(mfuatano na-mtendwa nafsi njeo mtendwa mzizi "a")
(mojawapo kitenzi bila-mtendwa na-mtendwa)

Kwanza anajaribu njia isiyo na mtendwa. Akishindwa, anaanza upya kwa njia ya pili. "Alikunja" inapita njia ya kwanza, "alinipenda" inapita ya pili. Na hapa kuna somo: katika Esrap, "mojawapo" ina foleni. Wa kwanza akifaulu, wa nyuma hata haulizwi.

Sasa simba aingie.

Tunataka kuongeza kitenzi kula. Mzizi wake ni l, herufi moja tu, kwa sababu tunasema atanila, atawala. Naongeza "l" katika orodha ya mizizi, kisha namwandikia kichanganuzi habari ya kawaida ya nyumbani, mama ameketi mbele ya bukari, yaani ugali: "Mama atakula". Nampa neno "atakula". Njia ya kwanza inashindwa, maana hakuna mzizi unaoanza na "ku" unaofaa hapo. Njia ya pili inafaulu: a-ta-ku-l-a. Nafsi yeye, wakati ujao, mtendwa wewe, mzizi kula. Mashine inatangaza bila aibu: mama atakula wewe!

Msicheke sana, kwa sababu mashine haikudanganya. Kiswahili kweli kina maana zote mbili. Mzizi wa herufi moja ukikosa mtendwa, unaazima "ku" ili neno lisiwe fupi mno: ata-ku-la, yaani atakula chakula. Na mtendwa wa "wewe" naye ni "ku" ile ile. Kwa hiyo mtu akikupigia kelele porini "Simba atakula!", usisimame kuchanganua. Kimbia kwanza.

Naweza kuongeza "kul" katika mizizi. Sasa njia ya kwanza itafaulu, na mama atakula bukari yake kwa amani. Lakini hapo simba naye atakula tu, hatakula wewe kamwe, kwa kuwa njia ya pili haitaulizwa tena. Nikiigeuza foleni, mama anarudi kula watoto. Kichanganuzi cha aina hii hutoa jibu moja. Lugha ya watu, mara nyingi, ina majibu mawili.

Jambo hili si mchezo wangu mimi. Wapo walioumia kichwa nalo miaka mingi, na cha ajabu wengi walikuwa mbali sana na Kamina, katika nchi ya theluji. Mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, Kimmo Koskenniemi alitoa tasnifu ya namna ya kuchanganua maneno marefu yenye viambishi vingi, kwa sababu Kifini nacho ni lugha ya mabehewa. Mfini mwenzake, Lauri Karttunen, alikuwa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani. Yeye na wanafunzi wake wakaiandika mbinu hiyo kwa Lisp, wakaibatiza KIMMO, jina la mwenyewe. Halafu Arvi Hurskainen, wa Helsinki pia, akaitumia mbinu ya Koskenniemi kwa Kiswahili. Mwaka 1992 alichapisha makala akieleza jinsi maneno ya Kibantu yanavyochanganuliwa kwa njia hiyo, Kiswahili kikiwa mfano wake. Mfumo wake ukaitwa SALAMA.

SALAMA ilifanyaje na simba? Haikuchagua upesi. Ikikutana na neno lenye maana mbili, inatoa zote mbili, mezani. Kisha hatua ya pili inakuja na kanuni nyingine, mbinu iliyoletwa mwaka 1990 na Fred Karlsson wa chuo hicho hicho, ya kutazama majirani wa neno na kuondoa maana zisizokaa vizuri. Neno likifuatwa na "nyama" au "bukari", maana ya kula chakula inabaki, ile ya kukula wewe inafutwa. Ndivyo hata sisi tunavyofanya vichwani mwetu, ila sisi hatujioni tukifanya.

Nimebakiza jambo moja, nalo ni la kwetu. Zile kanuni zangu ni za Kiswahili cha vitabu. Mtoto wa Katoto akitoka nje na kusema watu "banakuya", au "balimupenda", kichanganuzi changu kitasema hilo si neno. Kitasema hivyo bila kujua kwamba Katanga nzima inaongea hivyo sokoni, kituoni na nyumbani. Mashine haina dharau. Haijui tu, kwa sababu hakuna aliyeiandikia. Dawa yake ni mistari mitatu:

(mojawapo nafsi "ni" "u" "a" "tu" "m" "wa" "ba")
(mojawapo mtendwa "ni" "ku" "mu" "m" "tu" "wa" "ba")
(mojawapo mzizi "pend" "pig" "som" "kunj" "kul" "kuy" "l")

Tazameni nilivyoiweka "mu" mbele ya "m". Foleni ile ile! Ningetanguliza "m", kichanganuzi kingeichukua katika "balimupenda", kikabakiwa na "upenda", kikashindwa. Kirefu kikae mbele ya kifupi kinachoanza sawa nacho. Sasa "balimupenda" inatoka ("ba" "li" "mu" "pend" "a"), na "banakuya" inatoka ("ba" "na" "kuy" "a"), bila kumwambia mtu yeyote kwamba anakosea.

Anayetaka kuanza asisubiri awe na kompyuta. Chukua daftari. Andika vitenzi ishirini unavyovisikia kwa siku moja hapa Kamina, vya Kiswahili au vya Kiluba, vile vinavyosemwa hasa, si vile vinavyotakiwa kusemwa. Kata kila kimoja kwa mistari, panga vipande katika safu: nafsi, njeo, mtendwa, mzizi, kiishio. Kipande kisichoingia katika safu yoyote, usikitupe. Kizungushie duara, maana hapo ndipo kuna kanuni ambayo bado hujaijua. Siku ukipata mashine, weka SBCL, Common Lisp isiyolipiwa, kisha Esrap, na daftari lako litageuka programu kwa jioni moja. Andika fanksheni kwanza, makro baadaye, na kila makro itazame kwa macroexpand-1 kabla hujaiamini.

Wafini walikiandikia Kiswahili kanuni kabla yetu, na tuwashukuru. Kiswahili cha Katanga na Kiluba vinasubiri watu wanaoviongea. Kanuni zake mnazo vinywani tayari, zinachohitaji ni kuandikwa. Ziandikeni.